Santuri za Kaka na Spika za Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

"Mashine ya santuri na spika zisizo na waya haviendi pamoja, shemeji. Ukilazimisha utaharibu kimoja na kuaibika kwa kingine."

Maneno ya mdogo wake mke wangu, leo saa moja asubuhi, akiwa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Muuza spika. Ana duka lenye mlango wa kioo, kwa hiyo anadhani ana elimu. Nimemjibu papo hapo kwa hoja tatu. Kwanza, sauti ni sauti. Pili, binadamu ametuma chombo mwezini. Atashindwaje kutuma wimbo kutoka dirishani hadi kwenye kochi? Tatu, mfanyabiashara akisema jambo haliwezekani, ana maana halijaletwa dukani kwake. Akacheka. Akasema hakusema haliwezekani, alisema haviendi pamoja hivi hivi tu; katikati panatakiwa kitu cha kukuza sauti na kitu cha kuirusha, na kuna mambo mawili matatu ya kuangalia. Nikamwambia anayebadilisha dai lake katikati ya mjadala ameshashindwa. Akaomba sukari.

Sasa kiini cha vita.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye korido, mlangoni mwa bafu, chini ya balbu moja. Ana kazi ya majoho arobaini ya wahitimu wa chuo cha uuguzi, meusi yote, na anasema uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi chini ya balbu ile si kushona, ni kupapasa. Anataka dirisha la sebuleni. Dirishani ipo mashine ya santuri ya marehemu kaka yangu, na kabati lenye santuri zake themanini na sita. Kaka alikuwa kinyozi. Alinyoa watu kwa muziki miaka thelathini, na wateja wake walijua kuomba nyimbo za taratibu, maana za haraka zilimpa mkono wa haraka. Aliponiachia mashine aliniachia na spika zake mbili za mbao, kubwa kama makabati. Hizo zilitoa moshi mwaka juzi. Tangu hapo mashine iko kimya.

Leo mke wangu amesema, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo anapotisha, kwamba kitu bubu hakikai dirishani. Amenipa hadi Jumamosi saa sita mchana. Mashine ikiimba kwenye zile spika tano mpya na sabufa alizoletewa na mdogo wake, inabaki. Isipoimba, mashine na kabati vinakwenda stoo ya duka la shemeji, na meza ya cherehani inahamia dirishani.

Santuri za kaka stoo, katikati ya makasha ya pasi za umeme. Sitaki hata kulifikiria.

Nimekubali masharti. Siku tano na nusu ni nyingi. Mimi niliwahi kumwangusha profesa mzima kwa makala mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimesoma kijitabu cha maelekezo ya spika, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kimeandikwa kwa kiburi. Usifanye hivi, usiweke vile. Hakuna hata sentensi moja inayotoa sababu. Ukurasa wa nne kinadai kwamba chombo chochote chenye sindano kisiwekwe juu ya sabufa. Nimeandika pembeni: Ushahidi uko wapi? Ukurasa wa tisa nimeufuta wote.

Spika hizi zina kisanduku kikuu chao chini ya televisheni. Kisanduku kinapokea sauti, kisha kinazigawia spika zote hewani. Nyuma kina matundu mawili, jekundu na jeupe. Mashine ya kaka ina waya mbili, nyekundu na nyeupe. Mtoto wa darasa la kwanza angemaliza kazi hii. Nimehamisha mashine kutoka dirishani, nikaiweka kwenye kigoda karibu na televisheni, nikachomeka, nikashusha sindano, nikakaa kwenye kochi nimekunja nne.

Mbu ndani ya chupa. Hiyo ndiyo sauti iliyotoka. Mwimbaji yupo, unamsikia kwa mbali anahangaika, lakini kama vile amefungiwa kwenye nyumba ya jirani.

Mke wangu amepita na joho la tatu begani. Akauliza kama ndiyo hiyo. Nikasema ni hatua ya awali. Akasema hatua ya awali ameisikia, sasa anasubiri hatua.

Mchana nimekwenda kwa fundi redio wa nyuma ya soko, si kwa shemeji, kwa sababu za msimamo. Fundi ni mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa simu. Akaniambia sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo sana, haiwezi kwenda kokote bila kikuza sauti, na akanipa kimoja kidogo kama kopo la rangi la kati. Nikataka kuondoka. Akasema subiri, mashine nyingine zina kikuza chao ndani tayari, angalia kwanza nyuma kama hakuna swichi ndogo. Nikamwambia mashine ile naijua tangu nikiwa na nywele. Akasema angalia tu, baba. Nikamweleza kwa nini jamii zinazotazama nyuma haziendelei. Akarudi kwenye redio yake.

Kwenye ngazi nimekutana na Futikamba. Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mpima ardhi mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Hatembei bila futi ya chuma kiunoni. Ameshapima upana wa kamba yangu ya nguo, urefu wa zulia langu la mlangoni, na umbali kati ya baiskeli yangu na haki. Kuhusu safu yangu ya gazetini, "Naomba Kutofautiana", aliwahi kuwaambia wakazi kwenye kikao kwamba ni mita mia za maneno kwa sentimita moja ya ukweli. Wakacheka. Leo ameutazama mzigo wangu akasema naye amenunua spika kama zetu, wiki iliyopita, kwa shemeji yangu huyo huyo, na zilifanya kazi siku hiyo hiyo. Hakuniuliza zangu. Alinisikitikia tu kwa nyusi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeunganisha kikuza sauti. Safari hii sauti imetoka. Lori la kokoto likimwaga mzigo kwenye bati. Chupa ya maua imetembea mezani yenyewe. Mke wangu ameshona mkono wa joho la saba kwenye kola.

Nimetumia saa mbili kuandaa hoja dhidi ya kikuza sauti cha fundi. Nilikuwa kwenye hoja ya tano binti yetu aliporudi kutoka kazini. Ni karani wa maabara, hana maneno mengi, alirithi upande wa mama yake. Akainama nyuma ya mashine ya kaka. Akasema, "Baba, hapa kuna swichi ndogo." Akaisukuma kwa ukucha. Kokoto zikakoma, mwimbaji akaingia sebuleni kama mtu aliyeoga.

Nikamwambia nilikuwa nakaribia kufika huko. Akasema najua, Baba.

Kwa hiyo sauti ipo. Kilichobaki ni mahali. Mashine haiwezi kukaa kwenye kigoda, kigoda ni cha mke wangu cha kupigia pasi. Haiwezi kurudi dirishani, waya hazifiki. Nikatazama sebule kwa jicho la mtaalamu wa mipango. Karibu kabisa na kisanduku kikuu ipo sabufa, imara, pana, bapa juu. Kana kwamba ilitengenezwa iwe meza.

Nakumbuka ukurasa wa nne. Nakumbuka pia niliuliza ushahidi uko wapi na sikujibiwa.

Ilianza vizuri. Kisha besi ikagonga, sabufa ikatetemeka, sindano ikatetemeka, mashine ikaupeleka mtetemo kwa sabufa kama vile ni muziki, sabufa ikautetema tena mkubwa zaidi, na hivyo hivyo, hadi nyumba nzima ikanguruma kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Mkono wa sindano ulikuwa unarukaruka. Nimeudaka hewani. Santuri imepata mkwaruzo mmoja, kwenye kiitikio.

Mke wangu akaja, akazima umeme wa ukutani, akaondoa mashine juu ya sabufa kwa mikono yake, akaipangusa kwa leso. Akasema hii ni santuri aliyoipenda marehemu shemeji yake kuliko zote. Afadhali angegomba.

Nimejaribu kurudisha mashine dirishani kwa kuunga waya ndefu ya kukatiza sebule. Waya imenasa joho la kumi na moja na kulivuta hadi chini ya kochi. Amri mpya: waya marufuku sakafuni.

Siku mbili na nusu. Sijatetereka. Anayesema nimetetereka alete ushahidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeinuka na fikra safi. Kama waya ni marufuku, basi nitakwenda bila waya kuanzia mwanzo. Mashine irudi dirishani kwa heshima zake, na sauti iruke hewani hadi kwenye kisanduku. Fundi redio ameniuzia kirusha sauti, kidude cha ukubwa wa kiberiti. Kina kitufe kimoja na taa moja. Taa ikimetameta kinatafuta spika, taa ikitulia kimepata. Akaanza kueleza kwamba chenyewe hushika spika yoyote kinayoikuta karibu, hivyo ni vizuri... Nikamwambia asante, kitufe kimoja nakimudu.

Saa nne asubuhi: kirusha kimeunganishwa. Taa ikametameta. Taa ikatulia, bluu, kama jicho la mtu mwenye dhamiri safi. Nikaweka santuri.

Kimya.

Nikaongeza sauti kwenye kikuza. Kimya. Nikaongeza hadi mwisho. Spika zote tano zikanitazama. Taa iko bluu, santuri inazunguka, sindano iko kwenye mfereji, na sebuleni husikii isipokuwa cherehani kule korido.

Ndipo nikaisikia. Kwa Futikamba. Nyuma ya ukuta. Santuri ile ile ya kaka.

Nilikaa chini. Mpima ardhi, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipiga hata mluzi, ana santuri ile ile, na ameipiga dakika ile ile ninapohangaika na yangu. Huu si muziki, huu ni mdomo uliobinuliwa. Nikainua sindano nisikilize vizuri ubeti gani. Naye akanyamaza. Nikashusha sindano. Naye akaanza.

Ananichungulia. Hakuna maelezo mengine. Nikafunga pazia. Nikabadilisha santuri, nikaweka ile ya tarumbeta ambayo kaka aliagiza kwa baharia mmoja na hapakuwa na nyingine mji mzima. Baada ya sekunde mbili tarumbeta ikalia kwa Futikamba. Amezikusanya zote! Mtu huyu ametumia miaka kukusanya santuri za marehemu kaka yangu, moja baada ya nyingine, asubuhi moja anidhihaki.

Mke wangu akapita, akasimama, akasikiliza ukutani. Akasema muziki wa jirani mtamu. Nimeshindwa kula.

Mchana nimeandika malalamiko rasmi kwa kamati ya wakazi. Kurasa tatu, makosa sita: uigaji, uchokozi, upelelezi wa dirishani, kuingilia faragha ya ukoo, sauti kubwa kupita kiasi, na la sita nimeliacha wazi maana litajitokeza. Mwenyekiti wa kamati ni mshtakiwa mwenyewe. Nimeyasukuma chini ya mlango wake bila kupiga hodi.

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu ya kamati yamefika saa mbili asubuhi, yameandikwa kwa rula. Mwenyekiti anasema hana santuri na hajawahi kuwa nayo. Anasema spika zake mpya zenyewe zimenasa stesheni moja nzuri ajabu, nyimbo za zamani tupu, haina matangazo wala mtangazaji mropokaji. Kasoro yake ni moja tu, hukatikakatika ovyo, na jana sauti yake ilikuwa kubwa mno, akapunguza kwa rimoti. Ameshampigia simu muuzaji kumshukuru. Muuzaji, anasema, alicheka sana na kumtakia usikilizaji mwema. Anamshauri mlalamikaji naye atafute spika za maana.

Nimeyasoma mara mbili. Nimempa binti. Binti ameyasoma mara moja, akakaa kwenye mkono wa kochi, mabega yakimtikisika.

Akasema, "Baba, stesheni ni wewe."

Kirusha, anaeleza, kilishika spika za jirani badala ya zetu. Za jirani zimebandikwa kwenye ukuta ulio karibu na dirisha letu. Kila zikiwa zimewashwa kitarudi huko huko. Dawa ni ndogo: Futikamba azime spika zake dakika moja, sisi tubonyeze kitufe, kishike zetu, basi. Akasema nikagonge tu hodi nimwombe.

Nimwombe.

Mtu aliyepima zulia langu. Nimemwomba binti atafakari anachokisema. Mwaka mzima nimekuwa nikieleza gazetini kwamba kamati za wakazi ni udikteta wa watu wenye muda. Leo nisimame mlangoni kwa mwenyekiti nikisugua viganja, nikisema jirani naomba dakika. Kaka mwenyewe angekataa. Binti akasema Baba Mkubwa alikuwa anaomba hata moto wa sigara kwa watu asiowajua. Nikamwambia sigara haina itikadi.

Na shemeji alijua tangu jana. Alijua, akacheka, akanyamaza. Hilo nimeliweka akiba.

Mpango mpya, wa kisayansi. Spika za Futikamba hazihitaji ridhaa yake kuzimika, zinahitaji kukosa umeme. Kwenye ngazi lipo sanduku la swichi za umeme za ghorofa yetu, swichi nne. Chini ya kila moja Futikamba amebandika kibandiko kwa herufi za uchoraji ramani kuonyesha nyumba ya nani. Nikajiuliza: je, naweza kuutegemea ushahidi ulioandaliwa na upande wa pili? Mtu aliyesema maandishi yangu hayana ukweli, mimi niamini maandishi yake? Nikaacha santuri ya tarumbeta ikilia kwake iwe kipimo, nikapuuza vibandiko. Nikahesabu kwa mpangilio wa milango, kutoka kulia, kama akili inavyoelekeza. Nikashusha ya pili.

Kwa Futikamba tarumbeta imeendelea sekunde moja, ikakatika. Nikapiga ngumi hewani. Kisha nikasikia kutoka kwetu cherehani ikizima katikati ya mshono, na pasi ya umeme ikitoa mlio wake wa kufa, na mke wangu akiita jina langu lote, na la baba yangu.

Swichi ilikuwa yetu. Tarumbeta ilikatika kwa sababu mashine ya kaka ilikosa umeme. Kibandiko kilisema kweli, jambo ambalo halithibitishi chochote kuhusu vibandiko vingine.

Mke wangu ana majoho kumi na tisa bado, na wahitimu wanayachukua Jumatatu. Akasema ametumbua macho siku nzima kule gizani hadi anaona nyuzi mbili mahali penye mmoja. Akasema kesho saa sita ni saa sita. Akasema hanichukii.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamka na uamuzi. Sitaomba. Nitashawishi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nimeandika waraka kwa Futikamba: "Juu ya Wajibu wa Jirani Kuzima Spika Zake kwa Hiari: Hoja Kumi na Mbili". Kurasa saba. Nimepitia historia ya ukuta tangu binadamu alipotoka mapangoni. Kazi nzuri, labda bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Saa nne nimeusukuma chini ya mlango wake.

Saa nne na nusu kwake wimbo ukawaka, kwa sababu nilikuwa nimejaribu tena kitufe.

Saa tano waraka ukarudi chini ya mlango wangu. Futikamba ameandika juu kwa penseli kwamba amepima, ni mita moja na sentimita tisini za maandishi zikiungwa, amesoma sentimita kumi na mbili, bado hajafahamu anatakiwa kufanya nini, na kama kuna ombi aambiwe tu liko ukurasa wa ngapi. Lilikuwa ukurasa wa saba, mstari wa mwisho. Mwandishi anayeweka ombi mwanzoni hana heshima kwa msomaji.

Saa tano na nusu shemeji akafika na gari dogo la mizigo. Nilitegemea kebehi. Alikuwa amebeba mablanketi manne, masafi, ya kufungia santuri zisikwaruzike, na makasha aliyoyakata mwenyewe kwa kipimo chake. Hilo liliniuma kuliko kebehi. Akaniuliza taratibu, shemeji, kwa nini usimwambie tu mzee wa watu azime. Nikamkabili na lile la simu. Akakiri. Akasema alitaka nami nimwombe mtu kitu mara moja maishani, nione kama mbingu itaanguka. Nikamwambia hiyo si biashara ya spika. Akasema najua, hiyo bure.

Saa sita kasoro kumi. Santuri ya kaka inazunguka, taa bluu, sebule kimya. Shemeji akaanza kukunjua blanketi. Nilishika kabati. Sikuwa na hoja. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: sikuwa na hata moja. Nilimwona kaka na mkasi wake, anatikisa kichwa kufuata besi.

Mke wangu akatoka korido, pini nne mdomoni, joho la ishirini na tano begani. Akalitazama blanketi. Akanitazama mimi nilivyokumbatia kabati. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa mkononi, akafungua mlango, akagonga kwa jirani. Nilimsikia wazi. Habari za asubuhi jirani, samahani, tunaomba uzime spika zako dakika moja. Na Futikamba akasema haya mama, hakuna taabu, mbona hamkusema mapema. Basi. Muda wote huo ungepitisha uzi kwenye sindano moja, tena kwa macho mazima.

Binti akabonyeza kitufe. Taa ikametameta, ikatulia.

Kisha kaka akaingia. Sina namna nyingine ya kuandika. Spika tano, kila pembe, besi chini kama mtu anayetembea bila viatu kwenye mbao, na mwimbaji katikati ya sebule. Ulipofika mkwaruzo kwenye kiitikio, sindano ikaruka kidogo ikaendelea. Mke wangu alikaa kwenye mkono wa kochi na joho mapajani. Akasema wimbo huu ulimfanya shemeji yake amnyoe mteja nyusi moja, na mteja akalipa kwa ajili ya zote mbili kwa sababu walikuwa wanaimba wote. Tulicheka. Shemeji alikunja blanketi lake. Saa ya ukutani: sita kasoro dakika mbili.

Nilishinda. Ndani ya muda. Nikasimama katikati ya sebule, mbele ya mke, binti, shemeji, na Futikamba aliyekuwa mlangoni na futi yake, nikatoa hotuba fupi ya dakika kumi na moja.

Mke wangu akasubiri nimalize. Akauliza, kwa hiyo sasa hakuna waya kati ya mashine na spika? Nikasema hata uzi. Akauliza, kwa hiyo sauti haijali mashine imekaa wapi? Nikamwambia hilo ndilo nililotetea tangu Jumatatu. Haijali. Iwe dirishani, iwe jikoni, iwe popote ndani ya nyumba hii, mita kumi, ukuta si kizuizi, mimi mwenyewe nimethibitisha kwa kuivusha hadi kwa jirani siku tatu mfululizo. Shemeji akaanza kukohoa. Binti akatazama dari. Nikawaambia anayebisha abishe.

Hakuna aliyebisha. Mke wangu akasema ahsante sana, mume wangu, umenisaidia. Akamgeukia mdogo wake: shika huko, mimi nashika huku.

Futikamba akapima korido pale ilipokuwa cherehani. Mashine na kabati vinaingia, akasema, na sentimita mbili zinabaki.

Saa saba mchana meza ya cherehani ilikuwa dirishani. Mke wangu akashona majoho manne kabla ya chai, anaimba. Hakupapasa hata mara moja. Futikamba alibaki kwenye kochi anasikiliza, akauliza kwa sauti ya chini kama stesheni hii inaweza kufika na kwake siku mojamoja. Nikamwambia aandike barua, nami nitaifikiria kwa kamati yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi kamili. Nimelala nao na nimeamka nao. Santuri hazikwenda stoo, hazikwenda kwa mtu, na dai la shemeji kwamba haviendi pamoja limekufa mbele ya mashahidi wanne.

Naandika haya nikiwa makao mapya, korido, kwenye kigoda, goti moja kwenye kabati na jingine kwenye mlango wa bafu. Lazima nikae hapa kwa sababu santuri haijigeuzi. Sebuleni wanasikiliza vizuri sana. Mimi hapa nasikia zaidi maji.

Nimechunguza wiki nzima ili nipate funzo, kama mtu mwadilifu anavyopaswa. Nimebaini kwamba kosa lilikuwa la fundi aliyeongea polepole, la kijitabu kisichotoa sababu, la vibandiko vilivyosema kweli bila kutangaza, na la jirani aliyesoma sentimita kumi na mbili tu. Upande wangu sijapata kitu. Nimetafuta.

Tatizo lililobaki ni moja. Mlango wa bafu ukibamizwa, sindano inaruka. Leo imeruka mara tisa, mara tatu ni binti, mara mbili shemeji aliyekuja kula bila kualikwa, nne ni Futikamba, ambaye ana bafu lake. Mke wangu amesema niwaambie tu wafunge taratibu. Nimwambie mtu mmoja mmoja, kama vile sina kalamu? Nimeandika tangazo. Limefika ukurasa wa nne na nimelibandika mlangoni, upande wa ndani, usawa wa macho ya aliyeketi. Nanakili hapa hitimisho:

"Kwenu nyote mnaotumia bafu hili, wenyeji na wavamizi: nawataka mfunge mlango huu kwa kiganja, si kwa kisigino. Ndoo iinuliwe, isiburutwe. Anayeimba aimbe wimbo ulio kwenye santuri, na ubeti ule ule. Upande mmoja wa santuri ni dakika ishirini na mbili. Ingieni wimbo wa kwanza unapoanza, na mtoke sindano ikiinuka. Asiyekubaliana na lolote kati ya haya ajibu kwa maandishi, ukurasa usiopungua mmoja, akiwa humo humo ndani, na asitoke kabla sijamjibu."